Piano Ilipoliwa na Mchwa, Nasari ya Mkunazini Ikapata Nyimbo Zake

Saa moja na nusu asubuhi, jua bado halijateremka kwenye vichochoro vya Mkunazini, na Bi Mwanamwema Simai yuko ghorofani anatandika majamvi. Anayakung'uta moja moja dirishani, anayapanga sakafuni, kisha anashusha kikapu kutoka rafuni. Ndani ya kikapu mna vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vikang'aa, mikebe ya maziwa iliyotiwa kokwa za kunazi, na vijiti vilivyofungwa viwili viwili kwa kamba ya usumba.

Ngazi za mbao zinaanza kulia. Watoto wanapanda, wengine wameshikana mikono, wengine wanatweta kwa mbio za kutoka Ng'ambo. Wenye viatu wanavivua mlangoni. Wote wanakaa duara, na kelele zinapungua zenyewe.

Mwalimu hawasomi majina. Anawaimba. Analivuta jina la mtoto kwa sauti ya chini, na mtoto anaitikia "Naam" kwa muziki wake mwenyewe. Wako wanaoivuta hadi pumzi iishe, wako wanaoikata kama wamekanyaga mwiba. Borafya, mtoto wa miaka mitano, anaitikia kwa sauti nzito ya mtu mzima, na darasa zima linaangua kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza.

"Nkisikia naam ya mtoto najua kaamkaje," anasema Bi Mwanamwema. "Aliyelala na njaa namjua. Aliyegombezwa namjua. Na aliyenunuliwa shati jipya, huyo hata hana haja ya kuulizwa."

Huu, mwaka 1972, ni mwaka wake wa kumi na tano ndani ya nyumba hii. Aliingia akiwa na ndoo mkononi.

Alizaliwa Paje, akaja mjini mwaka 1957 kuolewa na Abdulla Bakar, seremala wa Mwembetanga. Miezi michache baada ya harusi alipata kazi ya uyaya katika nasari hii, ambayo siku hizo ilikuwa ya kulipia. Waliosoma hapa walikuwa watoto wa maofisa wa Kiingereza na wa matajiri wachache wa mjini. Kazi yake ilikuwa kuwafuta pua, kuwafunga viatu, kuwapeleka chooni, na jioni kupiga deki.

Muziki ulikuwa kazi ya Mem Dorothi, mwalimu wa Kiingereza, na piano yake nyeusi iliyosimama ukutani kama kabati. Kila asubuhi Mem alikaa akaupa ukuta uso na watoto mgongo, akapiga, na watoto wakaimba kumfuata. Nyimbo zilikuwa za Kiingereza, juu ya kondoo na vilima na theluji.

Bi Mwanamwema alisimama mlangoni akazishika zote kwa sikio, bila ya kujua maana. "Kulikuwa na hilo neno 'sno', kumbe ni theluji," anakumbuka. "Miaka mizima nlidhani ni jina la mtoto wa Mem aliyebaki Ulaya, maana akiliimba uso ulikuwa unambadilika."

Watoto wakishaondoka, yeye alibaki kufuta vumbi. Kitambaa kilipofika kwenye meno ya piano kilipunguza mwendo, na kidole kikatangulia. Kwa namna hiyo akajifunza nyimbo tatu, kwa mkono mmoja wa kulia. Siku moja Mem alirudi kuchukua mwavuli akamkuta. Hakumgombeza, wala hakumfunza. Alikifunga kifuniko taratibu, akamuuliza kama ndoo zimeshasafishwa.

Yalipotokea Mapinduzi, Januari 1964, Mem alikuwa miongoni mwa walioondoka siku zile zile. Familia nyingi za watoto wale nazo zilitawanyika. Bi Mwanamwema anapofika hapa sauti inamshuka kidogo. Kulikuwa na mtoto aliyezoea kulala begani mwake saa ya mapumziko, na mpaka leo hajui yuko nchi gani.

Nyumba ikafungwa. Ufunguo ulibaki kwake kwa sababu hakuna aliyekuja kuudai, naye aliufunga kwenye pindo la kanga miezi yote ile. Alipita mara mbili kwa wiki kufungua madirisha ili kuta zisiote ukungu.

Elimu ilipotangazwa kuwa bure, mwaka huo huo, nyumba ilifunguliwa kwa watoto wote. Walikuja wa wachukuzi wa bandarini, wa washonaji, wa wauza kahawa, wa wapishi. Chumba kilichojengewa watoto ishirini kiliingia sitini. Mwalimu alikuwa Bi Mwatum, msichana aliyemaliza darasa la kumi na aliyejua kuandika ubaoni vizuri sana. Kitu kimoja hakukijua, nacho kilikuwa kimekaa pale ukutani kinamtazama.

Bi Mwatum aliuliza nani atapiga. Bi Mwanamwema aliweka chini ufagio, akajifuta mikono, akakaa kwenye kiti cha Mem. Wimbo ulitoka. Jioni ile alipomwambia mumewe, Abdulla alitoka nje akarudi na kashata za watu wanne.

Kwa miaka minne mambo yalikwenda hivyo. Bi Mwatum alitunga maneno mapya ya Kiswahili, juu ya usafi na kazi na umoja, akayavika miziki ile ile ya Mem. Yalikuwa maneno mazuri, na watoto waliyaimba kwa nguvu. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera Bi Mwanamwema kila siku, na hakujua alieleze vipi.

Muziki ule ulitaka uzito uangukie mwisho wa neno, na Kiswahili huuweka kwenye silabi ya kabla ya mwisho. Basi katika wimbo wa kunawa, "mikono" ikaishia na "no" nzito, ndefu, kama Mzungu anayekataa kununua samaki. "Maji" nayo ikapinda. Watoto wakaenda na maneno hayo hivyo hivyo majumbani.

"Maneno yalikuwa kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake," anasema. "Anakwenda, lakini unamuona anachechemea."

Piano nayo ilikuwa inaondoka kidogo kidogo. Hewa ya chumvi ilizila nyuzi, na fundi wa Kigoa aliyekuwa akizikaza alishahamia Dar es Salaam. Mwisho wa mwaka 1968, asubuhi moja, Bi Mwanamwema alibonyeza jino la kwanza la wimbo wa kunawa, pakatoka mlio wa ubao mkavu. Akabonyeza la pili. Vumbi laini la kahawia likamwagika juu ya miguu yake.

Abdulla alikuja jioni na bisibisi. Alifungua ubao wa mbele, akamulika kwa taa. Mchwa walikuwa wameshakula mbao zilizobeba nyuzi, na panya wamezaa kwenye kona.

"Mke wangu," alisema, "humu hamna kitu cha kutengeneza. Hichi kimebaki umbo tu."

Habari hizo zilikuja wakati mbaya. Bi Mwatum alikuwa amehamishiwa Pemba, na Bi Mwanamwema ameachiwa darasa mpaka apatikane mwalimu. Juu ya hayo lilishatoka agizo kwamba kila nasari itayarishe wimbo wa kuimbwa mbele ya wazazi na wageni katika sherehe za Januari. Aliwajaribu watoto bila ya piano, sauti zikasambaa kila moja na njia yake. Wengine waligeuka kuutazama ukuta, wakingoja uwaanzishie.

"Nlilia," anasema, bila ya kuona haya. "Nlijiambia, kumbe miaka yote hii mwalimu alikuwa ni kile kidude. Kimekufa, na mimi nshakwisha." Alikwishaamua kwenda ofisini kuwaomba wamtafute mtu mwengine, yeye wamrudishie ufagio wake.

Kabla ya kwenda alipata habari kwamba shangazi yake wa Paje, Bi Time, anaumwa na mguu. Akaenda kumuangalia. Alimkuta pwani, mguu umefungwa kitambaa, amekaa na wanawake wenzake wanapiga makumbi ya nazi yaliyokwisha kuoza mchangani, wapate usumba wa kusokota kamba. Marungu yalikwenda pamoja, na juu ya marungu ulikwenda wimbo. Mmoja anaita, wote wanaitika.

*Kaa mwenda upande, wambaje?*
*Sijambo, naenda kwangu.*
*Na kwako ni wapi, wambaje?*
*Shimoni, chini ya mwamba.*

Ulikuwa wimbo aliouimba yeye mwenyewe akiwa mdogo, akiwafukuza kaa kwenye mchanga. Hakuwa ameukumbuka tangu alipoolewa. "Wambaje" ni salamu ya kwao. Mtu wa mjini atasema "hujambo".

Alichukua rungu, akakaa. Baada ya muda akamhadithia shangazi yake habari za piano. Bi Time, ambaye hajapata kuiona, aliuliza ni kitu gani. Akaelezwa kwamba ni sanduku linalotangulia, na watoto wanalifuata.

"Na kabla halijafa," aliuliza Bi Time, "watoto wenyewe walikuwa wakifanya nini?"

"Wakilifuata, shangazi."

"Wakilifuata," alirudia Bi Time, na akaendelea kupiga makumbi yake.

Jumatatu Bi Mwanamwema aliingia darasani na vifuu viwili. Aliwakalisha watoto duara, migongo yao ukutani, nyuso zao kwake. Akagonga vifuu, akamuita kaa. Aliwafunza kuitika mara moja, mara mbili. Mara ya tatu hawakuhitaji kufunzwa. Sauti sitini zilisimama pamoja kwa mara ya kwanza tangu piano inyamaze, kwa sababu kila mtoto alikuwa na mahali pa kungoja na mahali pa kuingia.

Zamani watoto waliimba wote kwa wakati mmoja na hakuna aliyemsikia mwenzake. Sasa ilibidi wasikilize. Wiki ya pili watoto wenyewe walianza kushika zamu ya kuita. Mumewe akatengeneza kingoma kidogo cha mbao na ngozi ya mbuzi, na chumba kikachangamka.

Furaha hiyo haikufika mbali. Bi Mwanakhamis, fundi cherehani wa Kiponda, alipanda ngazi mchana mmoja na bintiye Kidawa mkononi. Kidawa alikuwa amemsalimia mgeni wa mama yake kwa "wambaje", mbele ya majirani, na majirani wamecheka. Bi Mwanakhamis alisema amemleta mwanawe mjini apate ustaarabu, si arudishwe shamba.

Maneno hayo yalimchoma Bi Mwanamwema mahali asipopatarajia. Alipokuja mjini akiwa mwari, yeye mwenyewe alichekwa hivyo hivyo kila alipofungua mdomo. Akaiweka lugha ya kwao pembeni, asiiseme sokoni, wala kazini, wala kwa wanawe aliowazaa.

Siku chache baadaye akaja Maalim Nahodha, anayefunza chuo cha Kurani katika mtaa ule ule. Yeye alizungumza kwa upole. Alisema wimbo haumshughulishi, ila watoto wakitoka hapa huja moja kwa moja kwake, na kile kingoma kinawatoka miguuni wakiwa wamefungua juzuu.

Mambo mawili yakawa moja, yakafika ofisini. Bi Mwanamwema akaitwa na Bwana Masoud, ofisa aliyesimamia nasari za mjini. Abdulla alimsindikiza mpaka mlangoni, akabaki nje kwenye baraza.

Bwana Masoud alimweleza kwamba amepokea malalamiko, kwamba sherehe ziko karibu, na kwamba pengine ni bora watoto waimbe wimbo wa gwaride kama nasari nyengine. Bi Mwanamwema alikuja na nia ya kuomba ufagio. Alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Bwana Masoud, watoto hawa sasa wananisikiliza, na wanasikilizana. Zamani walikuwa wakilisikiliza sanduku. Ukitaka gwaride nitawafunza gwaride, na wataliimba vizuri. Lakini hichi nilichokianza usinambie niache, kwa sababu sina pahala pengine pa kuwapata."

Anasema alipomaliza alidhani ameshafukuzwa. Bwana Masoud alimwambia aende, na kwamba atakuja mwenyewe kusikiliza.

Alikuja kesho yake. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni. Watoto walimuimbia. Akaomba waimbe tena. Kisha akatoa uamuzi wake: kingoma kiondoke, gwaride liongezwe, na maneno yawe ya Kiswahili cha mjini.

Bi Mwanamwema alikubali. Kingoma kilirudi Mwembetanga kwa Abdulla, na vifuu vikabaki. "Wambaje" ikawa "hujambo", na kwa bahati ilikaa vizuri mahali pale pale. "Hili la neno liliniuma kuliko la ngoma," anasema. "Lakini nlijiambia, wimbo umebaki. Neno ni nguo tu."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa mbele, wageni kutoka shamba wakasimama nyuma. Gwaride lilipita bila ya kasoro. Ukaja wimbo wa kaa, na aliyepewa kuita alikuwa Kidawa, binti wa fundi cherehani, kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa na sauti kama yake.

Kidawa alisogea mbele hatua mbili, akauona umati, akaufunika uso kwa mikono yake.

Ukumbi ukangoja. Bi Mwanamwema, aliyesimama pembeni, aligonga vifuu vyake kwa mwendo wa wimbo, kumkumbusha. Alimuona Bi Mwanakhamis mstari wa mbele ameinamisha kichwa. Alimuona Bwana Masoud anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka nyuma kabisa ya ukumbi, kavu, haina haraka:

*Kaa mwenda upande, wambaje?*

Watoto walitazamana. Hawakuwa wamewahi kuitwa na mtu wasiyemjua. Kisha wakaitika wote, vifuu na mikebe kwa pamoja, kwamba hawajambo na wanakwenda kwao. Ubeti wa pili uliitwa na wanawake kumi, kumi na tano, wageni wa Paje, Jambiani na Makunduchi, waliokuwa wameutambua wimbo wao tangu vifuu vilipoanza kugongwa. Wa tatu ulipofika, Kidawa alikuwa ameshaondoa mikono usoni. Akaunyakua wimbo akaita mwenyewe, na alipofika kwenye salamu alisema "wambaje", kama wale wa nyuma.

Hakuna aliyemkosoa. Bwana Masoud aliwashukuru watoto, akazungumzia umoja wa mji na shamba, na habari ya neno lile hakuitaja siku hiyo wala siku nyengine.

Bi Mwanakhamis hakuja kuomba radhi, na Bi Mwanamwema anasema hakumtarajia. Alichofanya ni kuja baada ya wiki moja na furushi la vifuko alivyovishona kwa vipande vya vitambaa, vya kutilia vifuu na mikebe visipotee.

"Nkishona, mguu unakanyaga cherehani kwa mwendo wa yule kaa," alimwambia mwalimu. "Nshachoka kushindana nao." Siku hizi ni mashoga, na Idi iliyopita alimshonea Bi Mwanamwema gauni.

Mwaka 1970 Bi Mwanamwema alipelekwa mafunzo ya ualimu wa watoto wadogo, miezi sita, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Alirudi mwalimu kamili. Mbao za piano zilizosalimika na mchwa, Abdulla alizipiga randa akazifanya viti vya chini, na ndivyo watoto wanavyokalia wakichora.

Nasari imezidi kubadilika. Watoto wanakuja na nyimbo walizozisikia redioni, naye anazipokea. Gwaride bado lipo kila Ijumaa kabla ya kutawanyika, na wengi wanalipenda kuliko wimbo wowote kwa sababu wanapata kupiga miguu. Nyimbo za kuitana zimefika kumi na nne, nyingine za kuviringisha tairi, nyingine za kutwangia, nyingine zimeletwa na bibi za watoto wenyewe.

Mem hamsemi vibaya. "Alikuwa akiwaimbisha kila siku asubuhi, mvua au jua," anasema. "Hilo nimelirithi kwake. Yeye aliimba vya kwao. Angeimba vya nani?"

Sasa kuna jambo jipya mbele yake. Mwakani baada ya mfungo nasari itafunguliwa Paje, na ameombwa akaianzishe kwa muhula mmoja mpaka walimu wake washike njia. Abdulla alinuna siku mbili, kisha akaanza kuuliza kama kule kuna mbao za kutosha kwa viti. Atakuwa akimfuata kila Alhamisi.

Baada ya Paje anataka kupita Chwaka na Tunguu, akusanye nyimbo za watoto kwa wanawake wanaozijua, na awafunze walimu vijana kabla wenye nyimbo hawajaondoka nazo. Wa kwanza aliyemuomba amsaidie ni shangazi yake. Bi Time mguu umepona, macho ndiyo yamepungua, na hajapata kuingia ndani ya darasa maisha yake yote.

"Kakubali kuja kukaa na watoto asubuhi," anasema Bi Mwanamwema, akikusanya vifuu kwenye kikapu, "lakini kanipa masharti mawili. La kwanza, asiitwe mwalimu. La pili, watoto wasiinuke kumsimamia akiingia, maana yeye si mtu wa kusimamiwa."

Anacheka, anakirudisha kikapu rafuni.

"La kwanza nimemkubalia."